Kipupwe cha Manyatta si majira ya baridi ya Kanada

Jumamosi moja mwezi wa Januari, jua likiwaka kama lilivyo desturi yake mwezi huo, mama mmoja jirani yangu hapa Manyatta, Embu, alinijia akiwa ameshika simu. "Mwalimu," akaniambia, kwa maana huku kwetu ukishawahi kushika chaki wewe ni mwalimu hadi kaburini, uprofesa ni habari za Nairobi, "hebu nisikilizie huyu mtoto anasema nini. Mimi siku hizi simwelewi kabisa."

Mtoto mwenyewe ni binti mtu mzima, aliyeondoka miaka miwili iliyopita akaenda Edmonton, Kanada, ambako anatunza wazee katika makao yao. Katika ujumbe ule wa sauti alisema maneno machache: "Mama, nilingoja basi bila glavu. Vidole vimechomwa na baridi. Daktari amenizuia kufanya kazi kwa muda." Mama alikuwa amemjibu siku iyo hiyo, akicheka: "Mwanangu, kinachochoma ni moto, baridi haichomi. Vaa sweta, kunywa uji, uote moto." Tangu hapo binti hakupiga simu kwa wiki tatu. Nyumbani watu wakaanza kusemezana. Mwezi ule karo ya mdogo wake haikuja, na wapo waliosema ati hivyo vidole ni kisingizio.

Niliusikiliza ujumbe ule mara mbili. Hakukuwa na neno gumu hata moja ndani yake. Kila neno lilikuwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la tatu angekielewa. Hata hivyo, mama na mwana hawakuelewana, na kutoelewana huko kulikuwa kukivunja nyumba. Makala ya leo inahusu jambo hilo: namna maneno yetu ya baridi, ya majira na ya saa, yaliyoundwa na watu wanaoishi karibu na mstari wa ikweta, yanavyobadilika maana mzungumzaji wake anapohamia kaskazini ya mbali, ilhali msikilizaji aliyebaki nyumbani hana habari kwamba yamebadilika.

Tuanze na neno baridi. Asili yake ni Kiarabu, na kwetu lina kazi nyingi: maji baridi, chakula baridi, hali ya baridi. Hapa Manyatta, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, baridi tunaijua. Mwezi wa Julai wachuma chai hutoka alfajiri umande ukiwa umewaloanisha hadi magotini, na ukungu hauondoki hadi adhuhuri. Hata hivyo, asubuhi kama hiyo kipimajoto huwa karibu na nyuzi 10. Hiyo ndiyo baridi ambayo mama anaifahamu, na dawa yake ni sweta, uji na moto.

Sasa ichukue Edmonton. Kuna siku za Januari ambapo vipimo hufika nyuzi 30 chini ya sufuri. Ili msomaji apate picha, friza ya kugandishia nyama kwa kawaida huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri. Kwa hivyo siku hiyo mtu anayeingia ndani ya friza ile atakuwa amekimbilia mahali penye joto zaidi kuliko barabarani! Upepo nao ukivuma, ngozi iliyo wazi huweza kuganda kwa muda wa dakika 10 hadi 30. Mishipa ya damu hujibana, vidole hufa ganzi, kisha maji yaliyomo katika nyama ya vidole hugeuka chembechembe za barafu. Vidole vinapopashwa joto baadaye hufura na kutoka malengelenge kama ya mtu aliyeunguzwa na moto.

Kumbe basi binti hakukosea aliposema amechomwa. Alitafuta neno lililokaribia zaidi kile alichokiona kwa macho yake. Na ushauri wa mama, ingawa ulitoka katika mapenzi, ulikuwa wa hatari. Vidole vilivyokufa ganzi havihisi moto, na mwenye navyo akivisogeza jikoni anaweza kuviunguza bila kujua. Wauguzi hushauri vipashwe kwa maji ya uvuguvugu, wala visisuguliwe. Neno moja likisikika vibaya, tiba nayo hugeuka kuwa dhara.

Tatizo hili si la leo. Mnamo Mei 11, 1848 mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka pwani kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Alimuuliza mwongozaji wake kile ni nini. Mwongozaji akamjibu kwa neno moja tu: baridi. Hakuwa mjinga, wala hakuwa akikwepa swali. Alitumia neno alilokuwa nalo, akataja kile ambacho kitu kile kinamfanyia mtu badala ya kukipa jina. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, alielewa papo hapo. Alipoandika habari hizo, mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyekuwa ameketi London, alimbishia, kwa maana hakuweza kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mabishano hayo yaliendelea hadi safari za Karl Klaus von der Decken za miaka ya 1860 zilipothibitisha kwamba Rebmann alisema kweli.

Rebmann na mwenzake Krapf walisimuliwa pia kuhusu watu waliotumwa na mtawala wao zamani kwenda kuuchunguza weupe ule. Aliyerudi alikuwa na mikono na miguu iliyoharibika. Wachaga basi walijua mapema kwamba baridi inaweza kuchoma. Binti wa Manyatta amelijifunza jambo hilohilo katika kituo cha basi.

Je, Kiswahili hakina maneno ya mambo haya? Kinayo. Tunalo neno theluji, kutoka Kiarabu. Tunalo neno barafu, kutoka Kiajemi, na la kuchekesha ni kwamba kwa Waajemi neno hilo lina maana ya theluji. Lilipofika kwetu, ambako theluji haianguki, likatafuta kazi nyingine na kuwa jina la maji yaliyoganda. Leo mtoto wa shule hapa Manyatta akisikia barafu, anafikiria vile vipakiti vya sharubati iliyogandishwa vinavyouzwa langoni mwa shule. Tunalo pia neno jalidi, ambalo wengine huliita sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani. Maneno haya yamo kamusini, lakini mengi yamelala kwa kukosa wa kuyatumia.

Kwa mhamiaji, tofauti ya maneno haya si pambo la mtihani wa Insha. Theluji iliyoanguka usiku ni laini, na mtu huweza kuikanyaga kwa viatu vizuri akafika kazini. Barafu iliyotanda juu ya lami ni ngumu na telezi, mara nyingine haionekani hata kidogo, na ndiyo inayovunja watu nyonga na kugonganisha magari. Anayempigia ndugu yake mgeni simu na kumwambia "leo kuna theluji" ilhali anakusudia barafu amempa taarifa isiyomsaidia. Sisi tuliobaki huku tunaiona theluji kwa macho, Kirinyaga unapovuliwa mawingu asubuhi, ingawa inazidi kupungua. Lakini wengi wetu hatujawahi kuishika, seuze kuikanyaga tukiwahi zamu ya usiku.

Nikija kwenye majira, hapo ndipo sisi wasomi, wafasiri na waandishi wa habari tunapopaswa kukiri makosa. Shuleni tulifunzwa majira manne: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Masika ni mvua ndefu, Machi hadi Mei. Kipupwe ni baridi ya baada ya masika, Juni hadi Agosti. Vuli ni mvua fupi, Oktoba hadi Desemba. Kiangazi ni jua kali la mwanzoni mwa mwaka. Wazungu nao wana majira manne. Basi watu wakaona nne kwa nne, wakayapachika: kipupwe kikawa msimu wao wa theluji, masika yakawa msimu wa maua kuchipua, kiangazi kikawa msimu wao wa joto, vuli ikawa msimu wa majani kupukutika. Hesabu ilitoshana, maana hazikutoshana.

Matokeo yake tunayasoma kila mwaka katika kurasa za michezo. Tunaambiwa kwamba klabu za Uingereza zinanunua wachezaji "kiangazi hiki", na msomaji wa Manyatta anayeisoma habari hiyo Julai amejifunika blanketi na kuota jiko la makaa. Kiangazi kipi? Au tunasoma kwamba dirisha la "kipupwe" limefunguliwa, ilhali ni Januari na jua linapasua ardhi. Mtoto anayejifunza Kiswahili afuate mwalimu au gazeti?

Kuna kinaya kikubwa zaidi ndani ya neno kaskazini lenyewe. Neno hili limetokana na kaskazi, ule upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi hivi, ambao kwa karne nyingi uliyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kiambishi -ni kiliongezwa mwishoni ili kupata mahali: upande unakotoka kaskazi. Ndivyo pia kusini kulivyopata jina lake kutokana na kusi, upepo uliowarudisha mabaharia makwao. Sasa, msomaji, kwa watu wa pwani kaskazi ni wakati wa joto, na kusi ndiyo inayoandamana na mvua na baridi. Yaani katika Kiswahili, upande wa kaskazini ndiko joto linakotokea! Binti yetu amefunga safari kuelekea upande wenye jina la joto, akakuta nyuzi 30 chini ya sufuri.

Lugha haikutudanganya. Ilikuwa ikisema kweli, ila kweli ya mahali pamoja. Waliounda maneno haya walikuwa wavuvi, wakulima na mabaharia, nao waliyaunda kulingana na anga iliyokuwa juu yao. Anga ya Edmonton hawakuulizwa.

Neno linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni saa. Kiswahili huhesabu saa kwa kufuata jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kuchomoza jua, na saa moja jioni ni ya kwanza baada ya kutua. Mfumo huu unakaa vizuri sana huku kwetu, kwa sababu Manyatta iko karibu kabisa na ikweta na urefu wa mchana wetu hautofautiani mwaka mzima isipokuwa kwa dakika chache. Unaweza kumwambia mtu tukutane saa kumi na mbili, na jua lenyewe likawa shahidi.

Kule Edmonton shahidi huyo hategemeki. Desemba 21 jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kutua saa kumi na robo alasiri. Mchana mzima ni saa saba na nusu hivi. Mtunza wazee anayeingia zamu ya asubuhi huondoka nyumbani gizani, hufanya kazi chini ya taa za umeme, na hurudi nyumbani gizani. Akipigiwa simu na mama na kuulizwa "umeshindaje?", atajibu nini? Mwezi wa Juni mambo hugeuka. Saa nne usiku jua lingali linaonekana, na mzazi wa Kiafrika anamwambia mtoto "lala, ni usiku" huku mwanga umejaa dirishani. Mtoto akimbishia, nani mkaidi? Kaskazini zaidi, katika mji wa Tromsø nchini Norway, jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Anayesema huko kwamba ni saa moja asubuhi kwa kuhesabu kutoka macheo atahesabu kutoka macheo ya lini?

Giza hili lina madhara yake. Wapo watu ambao uhaba wa mwanga huwatia huzuni nzito miezi ile, wakakosa nguvu ya kutoka kitandani au kushika simu. Madaktari wanalitambua tatizo hilo na lina matibabu. Aidha, ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, ndiyo maana wahamiaji wengi kutoka kwetu hushauriwa waimeze kama dawa miezi ya giza. Kijana akiwaambia wa nyumbani "huku ni giza tu", naye akajibiwa "washa taa" au "omba Mungu", huona kwamba hakuna anayemsikia. Mwisho huamua kunyamaza. Sisi nasi tunasema ughaibuni kumempa kiburi. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini huyu si maiti. Ana ulimi, anatueleza, na tunayo masikio.

Tufanye nini basi? Kwanza, kwa upande wetu tunaoandika na kufasiri, napendekeza masika, kipupwe, vuli na kiangazi yabaki na kazi zake za nyumbani. Kwa nchi za kaskazini tuseme majira ya baridi, majira ya kuchipua, majira ya joto na majira ya kupukutika majani. Ni maneno marefu kidogo, nakubali, na mhariri anayebana nafasi hatanishukuru. Lakini hayamchanganyi msomaji. Na pale inapowezekana, tutaje mwezi. "Dirisha la Januari" halijamdhuru mtu.

Najua kuna wenzangu watakaonijibu kwamba maneno huhama kama watu wanavyohama, na kwamba kama barafu liliweza kuhama kutoka theluji ya Uajemi hadi maji yaliyoganda ya Mombasa, mbona kipupwe kisihame hadi Kanada? Hoja yao ina uzito. Waswahili walioko huko wakilichukua neno kipupwe wakalitumia wao kwa wao kwa theluji yao, hawahitaji kibali changu wala cha profesa yeyote. Neno ni la anayelitumia. Ninachosema ni kwamba neno likishahama, anayepiga simu nyumbani hana budi kulieleza, na anayepokea hana budi kuuliza.

Pili, kwa ndugu zetu walioko huko: mnapozungumza na wazazi, msitaje nambari za kipimajoto peke yake. Nyuzi 30 chini ya sufuri si kitu kwa mtu ambaye hajawahi kuona sufuri yenyewe. Sema: "Mama, ukiweka kikombe cha maji nje kitakuwa jiwe." Sema: "Huku ni baridi kushinda ndani ya friza ya nyama." Sema: "Naenda kazini usiku na kurudi usiku." Kuhusu saa, taja pia saa ya nyumbani. Edmonton iko nyuma yetu kwa saa 10 katika majira ya baridi, kwa hivyo mama anayepiga simu saa sita mchana baada ya kutoka shambani anamwamsha bintiye saa nane usiku. Wengi hukasirikiana kwa sababu ya hesabu ndogo kama hiyo.

Tatu, kwetu sisi tuliobaki: mtoto akisema amechomwa na baridi, tusicheke kwanza. Tuulize, "Baridi ya namna gani, mwanangu?"

Siku ile nilimweleza mama jirani kwa lugha yetu ya nyumbani, nikichanganya na Kiswahili, habari za friza, za malengelenge na za jua linalotua saa kumi na robo. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hivyo vidole vinaweza hata kukatwa?" Nikamwambia inawezekana, ingawa kwa wengi hupona. Akaichukua simu, akaanza kuzungumza, akasita akaniuliza huko ni saa ngapi sasa. Tukahesabu pamoja: ilikuwa saa nane na nusu usiku. Akaamua kuacha ujumbe wa sauti badala ya kupiga. Alisema, "Mwanangu, nilikuwa sijakuelewa. Niambie tena hayo ya vidole, polepole." Karo hakuitaja.

Jibu lilikuja kesho yake jioni, nikaitwa tena nisikilize, ingawa safari hii hakukuwa na la kufasiri. Vidole vinapona, alisema, ila ncha ya kimoja haina hisia bado. Halafu akamuuliza mama kama huko nyumbani jua limewaka, na amwelezee lilivyo.